Mkimbiaji Lazima Aamkie

Kazi ilianza Jumatatu, saa moja na dakika ishirini asubuhi, mbele ya kibanda cha mabati cha ofisi ya barua, Kasulo. Dakika nazijua kwa sababu nilifika tangu saa kumi na mbili, nikajificha nyuma ya mgomba kusubiri mtu mwingine aingie kwanza ili nimfuate. Hakuna aliyeingia. Saa moja na dakika ishirini Bi. Zuhura, mkuu wa ofisi, alitoka kumwaga makapi ya chai, yakanipata kifuani.

"Kumbe mgomba huu una wenyewe!" akasema. "Ingia, mwanangu. Haya zako ziache hapohapo, hakuna atakayeziiba."

Nimestaafu Ijumaa iliyopita. Nina miaka kumi na minane. Chekeni, mkimaliza tuendelee. Kidato cha tano kinanisubiri, na ninyi wawili mliopokea begi langu, Jenista na Koleta, mliniuliza siku ile kazi ikoje. Nikawajibu "nzuri tu" nikatazama chini. Kwa kalamu nasema vizuri zaidi, kwa hiyo yaliyobaki ni haya.

Mlikuwa bado shuleni, lakini mnakumbuka mwaka ule wa pili wa wakimbizi ulivyokuwa. Watu walivuka mpaka wamepotezana, mume huku, mke kule, mtoto kwa majirani wa majirani. Barua zao, karatasi moja isiyofungwa, zililetwa kwa gari hadi Kasulo. Kutoka hapo mvua ilikuwa imekula barabara, basi zilikwenda kwa miguu, juu ya vilima, hadi kambi ya bondeni, kambi ya upande wa Biharamulo, na vijiji vyote ambako watu walijishikiza. Tulikuwa watembezi tisa. Mimi Domitila nilikuwa wa tisa na wa mwisho kwa kila kitu, hata kwa kunawa mikono kabla ya chakula.

Chini ya meza ya Bi. Zuhura kulikuwa na kreti la soda. Soda hazikuwamo. Ndani mlikuwa na barua zilizofika wakati mwenyewe ameshahamishwa, maana kambi ikijaa, malori yalikuja na watu wakapelekwa kambi nyingine mbali, na kutoka huko ilikuwa kuanza upya kutafutana. Barua yangu ya tatu iliingia kwenye kreti lile. Ilikuwa ya mzee mmoja, imetoka kwa mdogo wake. Nilifika saa nane mchana, nikakuta mafiga yake bado yana joto. Lori lilikuwa limeondoka saa sita. Nikasimama nimeishika ile karatasi mbele ya mafiga kama mtu aliyeleta chumvi baada ya watu kula. Tangu siku ile, kazi kwangu ilikuwa jambo moja tu: kufika kabla ya lori.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Pastori, Mhangaza wa Bugarama, mchunga ng'ombe tangu utoto, mwembamba kama mpini. Alinipa mambo yote ya msingi siku mbili za mwanzo. Begi la turubai lifungwe kifuani, sio mgongoni, kwa sababu mgongoni linapiga ngoma na kifuani unaliona. Barua ziwe ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko ndani ya mfuko. Viatu ni katambuga, vile vya tairi la gari, kamba yake ipakwe mafuta ya ng'ombe la sivyo inachuna kisigino. Raba nzuri mnazoziona kwa watu wa mashirika zinateleza kwenye nyasi za asubuhi. Nimemwona daktari mzima anashuka kilima kwa makalio.

"Kilima hakishindwi," Mzee Pastori aliniambia, "kinadanganywa. Ukikitazama usoni kinajua unakwenda juu. Wewe tazama vidole vyako, jifanye unatafuta kitu ulichoangusha."

Jambo moja hakunifundisha kukwepa, nalo ndilo lilikuwa linatumaliza: salamu. Kwetu huwezi kumpita mtu mzima njiani. Unasimama, unashika mikono, unaulizwa nyumbani, unaulizwa mvua, unaulizwa ng'ombe ambao baba yako hana, unaulizwa una nani huko uendako. Mzee Pastori aliamkia hata watu walio kilima cha pili, kwa kupaza sauti, na kusubiri jibu. Safari ya saa tano tulikwenda kwa saa nane. Na mimi, jamani, naogopa watu. Kila shikamoo ilinitoka kama ninatapika.

Ndipo siku ya kwanza kutumwa peke yangu, nikatokeza kwenye tuta la Kibimba na kuona mbele yangu wamama saba wamepumzika na mizigo yao, wamekaa upande huu na huu wa njia kama wanaosubiri harusi ipite. Saba! Nikahesabu maswali. Nikakaza kitenge, nikakumbatia begi, nikakimbia. Nikapita katikati yao nimesema "shikamooni" kwa sauti ya kuku anayeota, nikasikia nyuma, "Huyo ni binti wa nani?" na mwingine, "Atakuwa anaharisha."

Hiyo ndiyo sababu yote. Natamani ningekuwa na sababu ya heshima zaidi.

Lakini baada ya kuwapita, sikusimama. Njia ilikuwa inashuka, nyasi zimenyauka rangi ya mkate, upepo unaingia mdomoni bila hodi, na miguu yangu ikawa inafika kabla sijaiambia iende wapi. Nilicheka peke yangu. Nilipiga kelele! Mimi, ambaye darasani nilikuwa naomba ruhusa ya kutoka kwa kuandika kwenye kikaratasi. Nikafika kambi ya bondeni saa tano badala ya saa nane. Mwenye barua nikamkuta anachambua maharage. Akaipokea akiwa hajui kwamba ilikuwa na bahati.

Jioni watembezi wenzangu hawakuamini. "Umepewa lifti," walisema. Kesho yake wawili wakajaribu, wakarudi wamechubuka magoti na wanacheka kama walevi. Wiki iliyofuata tulikuwa watano. Tuligundua mambo haraka, nayaandika hapa msije mkalipia upya: kushuka piga hatua fupifupi, hatua ndefu inavunja goti, kwenye changarawe tua kwa mguu wote, usinywe maji mengi mara moja, utasikia kisima kinatembea tumboni, ndizi ya kuchoma ni bora kuliko ugali, ugali unataka mtu akae.

Halafu nikakimbia kupita sokoni.

Ilikuwa gulio, pembeni mwa kambi, Jumatano. Nilikuwa na barua nne na nimechelewa. Nikatoka kwenye migomba kwa kasi, nimekumbatia begi kifuani, uso umejaa vumbi, sitazami mtu. Sasa fikirini wale waliokaa pale. Watu waliokimbia vita mara moja, wengine mara mbili. Wanamwona msichana anakimbia amebeba kitu kifuani, hasemi neno. Wao walijua hiyo maana yake nini.

Nilisikia nyuma yangu kitu kama mvua inayokuja juu ya mabati. Nikageuka. Gulio zima linakimbia! Mama na sufuria la maharage yanayochemka kichwani, kinyozi na kioo chake, na mteja wa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa. Nilipoona watu wote wale wanakimbia, nikajua kuna hatari, nikaongeza mwendo. Na walivyoona naongeza mwendo, wakaongeza. Wengine wakanipita! Mzee mwenye fimbo akanipita akiniambia kwa Kirundi nikaze moyo, mwanangu.

Tulikimbia hivyo hadi mtoni, pumzi zikatuishia, tukasimama.

"Ni nini?" akauliza kinyozi.

"Nimemwona huyu," akasema mwenye sufuria.

"Mimi nimemwona yule."

"Mimi niliwaona ninyi!"

Vidole vikawa vinaelekezana, kimoja baada ya kingine, kama vidole vya wanafunzi mwalimu akiuliza nani kajamba, mpaka vyote vikanifikia mimi. Nami nikageuka kutazama nyuma yangu ninyooshe kidole kwa mtu. Kulikuwa na mto tu.

Nilitaka maji yanichukue. Lakini mwenye sufuria alianza kucheka, kwanza puani, kisha akalazimika kuliweka chini, kisha wote. Mteja wa kinyozi akadai amaliziwe hapohapo. Nawaambia kweli, kabla ya hapo sikuwahi kuona wakimbizi wengi vile wakicheka kwa pamoja.

Mwenyekiti wa kijiji hakucheka. Bibi mmoja alikuwa ameteguka kifundo na vyungu viwili vilivunjika. Akaja ofisini asubuhi yake. "Bi. Zuhura, watu hawa wamekimbia vya kutosha. Siwezi kuwa na watumishi wanaowakimbiza tena kwa mchezo."

Bi. Zuhura, ambaye watu wake ni wafanyabiashara wa mjini Biharamulo, asili yao pwani, na Kiswahili chake kinapita mlangoni kwa adabu, alisema, "Una haki, Mwenyekiti. Kuanzia leo ni mwendo wa bwana harusi." Kukimbia kukawa marufuku. Mwezi ule kreti la soda lilijaa, akatafuta la pili.

Sikulala vizuri siku zile. Nilikuwa najua kufika kabla ya lori, na sikuruhusiwa.

Aliyetuokoa ni Mzee Pastori, ambaye hata hakuwa anakimbia. "Mimi nitamkimbilia ng'ombe tu," alikuwa akisema. Tulikuwa tunakula, akaacha tonge hewani. "Mtu anayekimbia hatari," akasema, "umewahi kumsikia anaamkia?"

Akalirudisha tonge sahanini.

"Hana nafasi hiyo. Anakimbia kimya. Basi ninyi kimbieni mnaamkia. Kila mtu, kwa sauti, kwa lugha yake, tangu mbali. Atajua huyu hakimbii kitu. Huyu ana wazimu wake tu."

Wote wakapiga makofi. Mimi peke yangu sikupiga. Nilianza kukimbia ili nisiamkie watu. Sasa nikitaka kukimbia lazima niamkie wote, kwa kupiga kelele.

Mwenyekiti alikubali jaribio moja. Nipite mbele ya gulio lilelile Jumatano. Akisimama mtu mmoja kwa hofu, marufuku inabaki. Yeye mwenyewe akakaa kwenye stuli katikati. Bi. Zuhura akanishika mabega. "Domitila, sauti unayo. Nilikusikia ulipopigwa na makapi ya chai." Nikatoka kwenye migomba. Nikafumba macho, nikafumbua, nikapiga kelele: "Shikamooni wazee! Amahoro wamama! Hamjambo watoto! Shikamoo Mwenyekiti!" Na kwa kuwa hofu ilinizidi, nikaongeza, "Shikamoo mbuzi!"

Aliyesimama ni mbuzi.

Mwenyekiti alitazama kushoto, akatazama kulia. "Marahaba," akasema taratibu, na hukumu ikawa hiyo.

Baada ya hapo ulikuwa ugonjwa. Watembezi wote tukawa wakimbiaji. Watoto wa Kasulo wakawa wanakimbia nasi hadi tuta la kwanza wakiamkia hewa. Wale wa mashirika, ambao kila Jumapili walikuwa wanapanda kilima kwa kupenda kwao, na fimbo mbilimbili na chupa za maji, walituona tunawapita, wakasimama, wakashauriana. Jumapili iliyofuata fimbo zikaachwa nyumbani. Miezi miwili baadaye kilima kizima Jumapili kilikuwa kinapiga kelele "Sikamoo! Sikamoo!" na wazee wa kijiji wanatoa viti nje kusikiliza. Bi. Zuhura alijaribu mara moja, hadi kwenye mfereji, akasema watu wa pwani hawakuumbwa kwa jambo hili. Hata Mzee Pastori, nilimkuta siku moja nyuma ya kilima, peke yake, anakimbia.

"Ng'ombe yuko wapi?" nikamwuliza.

"Ameshapita," akasema, bila kupunguza mwendo.

Sasa kesi ngumu. Ilikuwa Jumamosi, wiki chache kabla sijaacha. Saa mbili asubuhi Bi. Zuhura alitoka na karatasi mkononi na hakuwa anatania. Mtoto mmoja wa miaka sita, Fidesi, aliyekuwa akilelewa na majirani kambi ya bondeni, alikuwa ametambuliwa. Mama yake alikuwa kambi ya upande wa Biharamulo, na jina lake lilikuwa kwenye orodha ya malori ya siku ileile. Saa sita mchana. Gari la ofisi lilikuwa kwenye tope tangu Alhamisi. Redio ya upepo tangu jana ilikuwa inakoroma tu. Kwa kutembea ni saa saba. Kwa kukimbia, hakuna aliyekuwa amewahi kupima.

"Nitakwenda," nikasema, na sauti ilikuwa yangu.

Mzee Pastori alifunga katambuga zake bila kuulizwa. Tulikimbia pamoja vilima vitatu, tunaamkia kwa zamu, yeye wa kulia mimi wa kushoto. Kilima cha nne akaketi juu ya kichuguu. "Nenda. Mimi nimebakiwa na shikamoo mbili tu, nitazihitaji nyumbani."

Nikaenda. Niliamkia waliolima na waliopalilia. Niliamkia waendesha baiskeli, wachoma mkaa, mlevi mmoja aliyenijibu vizuri kuliko wote. Njia ile inapita vijiji vilivyojaa wakimbizi waliojishikiza, na hakuna nyumba ningeweza kuiruka kimya. Amahoro, shikamoo, amahoro, hamjambo. Kwenye tuta la mwisho niliona malori chini, yamepangwa, moshi umeanza kutoka nyuma. Nikashuka vile nilivyowakataza kushuka, kwa hatua ndefu.

Nilifika. Malori tisa, watu wamejaa hadi juu, mizigo, magodoro, kuku. Nikavuta pumzi kuita jina. Hakikutoka kitu. Nikajaribu tena. Sauti yote nilikuwa nimeigawa njiani, imebaki hewa. Dereva wa mbele akapiga honi. Nikainua karatasi juu, lakini karatasi haina mdomo, na nani angesoma kutoka kule?

Nikapanda tairi la lori la kwanza. Pale pembeni alikaa babu mmoja amekumbatia jembe. Ningekuwa na sauti, labda nisingethubutu. Nikavuta sikio lake, kwa heshima, nikanong'ona: "Shikamoo. Mama Fidesi. Mtoto yuko hai."

Alinitazama. Kisha akafungua kinywa, na sikujua mzee anaweza kuwa na sauti ile. "Mama Fidesi! Mtoto wako yuko hai!" Lori la pili likadaka, la tatu likadaka, jina likaenda likirushwa juu ya vichwa, kila lori likiliongezea nguvu, mpaka likafika mwisho. Halafu kwenye lori la saba magodoro yakaanza kutikisika, na mwanamke akatoka juu ya vichwa vya watu, anakanyaga mabega, watu wanamsukuma mbele badala ya kumlaumu, dereva anapiga honi, kuku wanalia.

Hakujua kusoma. Nikamnong'oneza sikioni barua nzima, maana ilikuwa fupi: "Mama, ni mimi Fidesi. Nipo. Nina viatu."

"Viatu?" akasema. Akanishika kichwa kwa mikono miwili. "Viatu? Nani kampa viatu?" Akaanza kucheka na machozi, akiwageukia watu wa malorini, "Ana viatu! Fidesi ana viatu!" nao wakashangilia viatu hivyo kama vya askofu. Orodha ikakatwa jina moja. Malori yakaondoka saa sita na robo bila yeye, na babu mwenye jembe alinipungia mkono hadi kona.

Tulilala pale kwa wauguzi. Waliniambia gari lingepatikana siku ya tatu. Mama Fidesi aliwasikiliza vizuri, akawashukuru, na alfajiri alikuwa mlangoni amekwisha jifunga kitenge.

Basi asubuhi ile nilitembea naye kurudi. Kupanda niliweza. Kushuka, mapaja yangu yalikataa katakata. Kila hatua yalijikunja kama karatasi iliyolowa. Liandikeni hili: mapaja yakifa, shuka kinyumenyume. Nikageuka, nikampa mikono yote miwili, nikawa nashuka mgongo ukielekea bondeni, yeye ananiongoza. "Jiwe. Kulia kidogo. Shimo. Hapo sawa." Tulishuka hivyo vilima viwili, tumetazamana kama wachumba, waliokutana nasi wakasahau hata kuuliza ng'ombe.

Kwenye tuta la mwisho kambi ya bondeni ilikuwa nyuma yangu. Sikuweza kuiona. Niliona uso wake tu. Akaacha kunitajia mawe. Nikakanyaga moja, likaviringika, nikaketi chini puu, mikono yangu ikabaki mitupu. Mama Fidesi alikuwa amekwisha niruka.

Nikabaki palepale kwenye nyasi, miguu nimeinyoosha, nikimtazama anavyoshuka na kitenge chake kikipepea. Alikuwa anapiga hatua ndefu mno.